Maandalizi ya ujenzi wa nyumba (Tanzania)

Maandalizi ya ujenzi wa nyumba ni kazi zote zinazofanyika kabla ya kuchimba msingi wa nyumba ya kuishi: kutafuta na kuhakiki kiwanja, kuchunguza udongo na mkondo wa maji, kuchora ramani, kuomba kibali, kukadiria gharama, kupanga fedha na kuchagua mafundi.

Nchini Tanzania watu wengi hujijengea nyumba wenyewe kwa akiba zao, mara nyingi kwa muda wa miaka kadhaa, bila mkopo wa benki. Kwa sababu hiyo nyumba huwa ndiyo mali kubwa kuliko zote ambayo familia inamiliki. Kosa la ufundi, kama vile plasta mbaya au mlango uliopinda, linaweza kurekebishwa baadaye. Kosa lililofanyika kabla ya ujenzi, kama vile kununua kiwanja chenye wenyewe au kilichopo bondeni, mara nyingi halirekebishiki, na nyumba nzima hupotea.

Historia

Maandalizi ya ujenzi si jambo jipya. Katika ujenzi wa jadi yalifuata majira: nguzo na fito zilikatwa, nyasi au makuti yakakusanywa na kukaushwa wakati wa kiangazi, kisha majirani wakaitwa kusaidia kazi. Kazi ya pamoja ya namna hiyo hujulikana sehemu nyingi kwa jina la msaragambo. Mahali pa kujenga paliamuliwa na wazee wa ukoo waliojua maji hupita wapi na ardhi ni ya nani.

Kila eneo lilikuwa na aina yake ya nyumba kulingana na hali ya hewa na vifaa vilivyopatikana. Wagogo wa Dodoma walijenga tembe yenye paa bapa la udongo, inayofaa nchi kavu yenye mvua chache. Wahaya wa Kagera walijenga msonge, nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi. Katika miji ya pwani ilienea nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na uani nyuma penye jiko na choo. Nyumba hiyo iliweza kujengwa chumba kimoja baada ya kingine, na vyumba vingine kupangishwa.

Kuenea kwa saruji, bati na nondo kumebadilisha maandalizi. Vifaa vingi sasa hununuliwa kwa fedha, na ardhi ya mjini hununuliwa kwa watu wasiofahamiana. Kwa hiyo ushahidi wa maandishi umechukua nafasi ambayo zamani ilikuwa ya wazee.

Kuhakiki ardhi

Hadhi ya kisheria

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu hamiliki ardhi yenyewe bali ana haki ya kuikalia na kuitumia. Misingi hiyo imo katika Sheria ya Ardhi (Na. 4) na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Na. 5), zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001.

Haki hiyo huthibitishwa kwa nyaraka za aina mbalimbali:

- Hatimiliki hutolewa kwa kiwanja kilichopangwa na kupimwa, kwa kipindi kisichozidi miaka 99. Mwenye hati hulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka na hutakiwa kuendeleza kiwanja kwa masharti yaliyoandikwa.
- Leseni ya makazi hutolewa mijini kwenye maeneo yasiyopimwa. Ni ya muda mfupi kuliko hati.
- Hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa kwa ardhi ya kijiji na halmashauri ya kijiji husika.

Viwanja vingi vya mijini huuzwa bila nyaraka hizo, kwa makubaliano ya maandishi yaliyoshuhudiwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Makubaliano hayo ni ushahidi kwamba mauzo yalifanyika. Hata hivyo si hati, na muhuri wa mtaa hauwezi kumpa mnunuzi haki ambayo muuzaji mwenyewe hakuwa nayo.

Ukaguzi kabla ya kununua

Kwa kiwanja chenye hati, mnunuzi au wakili wake hufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, na kama ardhi imewekwa rehani au imezuiliwa na mahakama. Mpima ardhi huhakiki kwamba bikoni zilizopo uwanjani zinalingana na ramani ya upimaji. Kazi hii ni muhimu, kwa kuwa bikoni huweza kung'olewa au kuhamishwa, na mnunuzi akajikuta amejenga kwenye kiwanja cha jirani.

Kwa kiwanja kisicho na hati, ukaguzi hutegemea zaidi watu. Majirani wa pande zote huulizwa kuhusu mipaka, na ni vyema washiriki siku ya kupima na kuweka alama. Ofisi ya mipangomiji ya halmashauri huulizwa kama eneo limetengwa kwa matumizi mengine, kama vile shule, barabara, soko au eneo la wazi.

Jambo linalosahaulika mara kwa mara ni familia ya muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ardhi ya urithi nayo haiwezi kuuzwa na ndugu mmoja kama mali ya marehemu haijagawanywa. Anayestahili kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kesi nyingi za ardhi hutokana na mambo haya mawili.

Upande wa mnunuzi pia, wanandoa wanaojenga pamoja wanashauriwa kuandika majina yote mawili kwenye mkataba wa mauziano. Jina moja peke yake huleta ugomvi pale mmoja anapofariki au ndoa inapovunjika.

Maeneo yasiyoruhusiwa kujengwa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Hifadhi ya barabara kuu, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, badala ya mita 22.5 za awali. Hifadhi nyingine ni zile za reli, njia kubwa za umeme na mabomba.

Katika Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya mjini Dar es Salaam, hifadhi ilikuwa pana zaidi kuliko kawaida, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Baadhi ya wakazi walikuwa wameishi hapo miaka mingi na walikuwa na umeme na maji. Tukio hilo linaonyesha kwamba kuunganishiwa huduma si uthibitisho wa kujenga mahali halali.

Kuchunguza kiwanja

Maji na mteremko

Kiwanja hukaguliwa vizuri zaidi wakati wa mvua. Bonde linaloonekana kavu mwezi Januari linaweza kuwa mto mwezi Aprili. Dalili za mafuriko ni alama za maji kwenye kuta za majirani, mchanga mpya uliorundikana, na matete au mimea mingine ya majimaji. Bei ndogo kuliko ya viwanja vya jirani pia ni sababu ya kuuliza zaidi.

Mafuriko ya Desemba 2011 mjini Dar es Salaam yaliua takriban watu 40 na kuharibu makazi mengi katika bonde la mto Msimbazi. Baada yake serikali iligawa viwanja Mabwepande kwa baadhi ya waathirika. Miteremko ya milima nayo ina hatari yake: tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yaliua zaidi ya watu 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani.

Udongo

Aina ya udongo huamua aina ya msingi, na msingi ni sehemu isiyoweza kubadilishwa nyumba ikishasimama. Njia rahisi ya uchunguzi ni kuchimba mashimo mawili au matatu ya majaribio katika pembe za nyumba inayokusudiwa, ili kuona tabaka za udongo na kina cha maji ya ardhini.

- Udongo wa changarawe na mwamba hubeba uzito vizuri.
- Mchanga hubeba uzito ukiwa umeshikana, lakini huhitaji kulindwa usisombwe na maji.
- Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi wa kawaida hupata nyufa. Huhitaji msingi wa kina zaidi, kuondolewa na kujazwa udongo mwingine, au msingi maalumu wa zege lenye nondo.
- Ardhi iliyojazwa taka au kifusi haifai kwa msingi wa kawaida mpaka ifikiwe ardhi asilia.

Kwa nyumba ya ghorofa uchunguzi wa udongo hufanywa na wataalamu kwa vipimo vya maabara.

Katika maeneo yenye matetemeko, kama Kagera na ukanda wa Bonde la Ufa, kuta huhitaji kufungwa pamoja kwa lenta ya zege lenye nondo inayozunguka nyumba nzima. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 katika eneo la Bukoba na kuangusha nyumba nyingi, hasa za matofali ya udongo.

Huduma na maji taka

Kabla ya kujenga huangaliwa umbali wa nguzo ya umeme na bomba la maji, na kama gari la mchanga au la zimamoto linaweza kufika. Nafasi ya choo hupangwa mapema. Shimo la choo au la maji taka linatakiwa kuwa angalau mita 30 kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko. Kiwanja kidogo chenye kisima cha jirani kinaweza kukosa kabisa nafasi hiyo. Gari la kunyonya maji taka nalo huhitaji njia ya kulifikia shimo.

Ramani

Ramani hutayarishwa na mbunifu majengo, na kwa nyumba ya ghorofa mhandisi huchora michoro ya nguzo, mihimili na nondo. Wataalamu hawa husajiliwa na bodi zao: Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Ramani nyingi zinazouzwa au kusambazwa mtandaoni zilichorwa kwa kiwanja kingine na mara nyingi kwa nchi nyingine. Hata ramani nzuri haifai kama haitazami jua na upepo wa mahali husika. Tanzania iko karibu na ikweta, na jua kali la asubuhi na jioni huja kutoka mashariki na magharibi. Kwa hiyo pande ndefu zenye madirisha huelekezwa kaskazini na kusini kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Pwani madirisha yanayotazamana huruhusu upepo wa kaskazi na kusi kupita ndani. Sehemu za baridi kama Njombe, Mbeya na Lushoto huhitaji zaidi jua la kuingia ndani na kinga dhidi ya upepo.

Familia hukaa pamoja kuamua mahitaji kabla ya kuchora: idadi ya vyumba, mzee asiyeweza kupanda ngazi, jiko la kuni au mkaa la nje, duka au chumba cha kupangisha. Nyumba inayotarajiwa kuongezewa ghorofa baadaye lazima iwe na msingi na nguzo za kubeba uzito huo tangu mwanzo.

Kibali cha ujenzi

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri ya jiji, manispaa, mji au wilaya. Mwombaji huwasilisha michoro, uthibitisho wa umiliki wa ardhi na ada. Michoro hupitiwa na idara zinazohusika, zikiwemo za mipangomiji, ardhi, afya na uhandisi. Huangaliwa umbali wa nyumba kutoka mipaka na barabara, sehemu ya kiwanja itakayojengwa, na mpango wa maji taka.

Katika maeneo yasiyopimwa wengi hujenga bila kibali. Mjenzi wa namna hiyo anaweza kusimamishwa, kutozwa faini au kubomolewa, na hukosa nafasi ya michoro yake kukaguliwa na mtu mwingine kabla ya kujenga.

Makadirio ya gharama

Makadirio hutengenezwa na mkadiriaji majenzi kutokana na ramani. Nyumba ndogo mara nyingi hukadiriwa na fundi mwenye uzoefu. Mwenye nyumba anaweza kuhakiki sehemu ya hesabu hiyo mwenyewe.

Mfano ni nyumba yenye eneo la mita za mraba 90, ambayo kuta zake za nje na za ndani zikijumlishwa zina urefu wa mita 60 na kimo cha mita 3:

- Eneo la kuta ni 60 × 3 = mita za mraba 180.
- Milango na madirisha yakichukua mita za mraba 25, hubaki 155.
- Tofali la saruji la inchi 18 kwa 9 huingia takriban 10 kwa mita ya mraba, yaani matofali 1,550.
- Ikiongezwa asilimia 5 ya yatakayovunjika, jumla ni takriban matofali 1,630, bila yale ya msingi.
- Jamvi la unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 9 za zege. Kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mita moja ya ujazo hula takriban mifuko 6 hadi 7 ya kilo 50, hivyo jamvi lote ni mifuko 54 hadi 63.

Makadirio mengi hushindwa kwa sababu ya vitu vilivyoachwa: usafiri wa vifaa, maji ya kujengea, mlinzi, dawa ya mchwa, ada za kibali, shimo la maji taka, kuunganisha umeme na maji, na ukuta wa uzio. Umaliziaji, yaani plasta, sakafu, dari, milango, madirisha, rangi, mabomba na nyaya, unaweza kugharimu sawa na boma lenyewe au zaidi. Kwa kuwa bei hupanda wakati ujenzi ukiendelea, hushauriwa kutenga akiba ya asilimia 10 hadi 15 juu ya makadirio.

Fedha na ujenzi wa hatua kwa hatua

Vyanzo vya fedha ni akiba binafsi, SACCOS, VICOBA, mikopo ya wafanyakazi na mikopo ya nyumba ya benki. Benki hutaka dhamana, na hapo ndipo mwenye kiwanja kisicho na hati hukwama.

Ujenzi wa hatua kwa hatua hufaa kipato kidogo iwapo kila hatua inakamilika mahali salama pa kusimama. Msingi uliofunikwa kwa jamvi unaweza kukaa. Kuta zisizo na paa huloweshwa na mvua mwaka hadi mwaka, na nondo zilizoachwa wazi huliwa na kutu. Hivyo mwenye fedha za kufikisha kuta kwenye lenta tu huweza kufanya vyema kusubiri mpaka apate na za kupaua. Njia nyingine ni kumaliza vyumba viwili na choo kwanza, familia ihamie na kuokoa kodi ya pango.

Vifaa vinavyonunuliwa mapema ni vile visivyoharibika, kama mawe, kokoto na mchanga. Saruji hainunuliwi ya kuweka, kwa sababu hunyonya unyevu na kupungua nguvu. Ikikaa miezi mitatu huwa imeanza kudhoofika.

Mafundi na mikataba

Kampuni ya ujenzi inatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Nyumba nyingi za kawaida hujengwa na fundi wa mtaani pamoja na saidia fundi wake, mwenye nyumba akinunua vifaa mwenyewe. Kabla ya kukubaliana, mwenye nyumba hutembelea nyumba mbili au tatu alizojenga fundi huyo na kuzungumza na wenyewe.

Makubaliano huandikwa hata kama fundi ni ndugu. Hutaja kazi itakayofanyika, nani ananunua vifaa, uwiano wa zege, unene wa nondo, muda, na malipo. Malipo hutolewa kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa: msingi, jamvi, kuta, lenta, paa. Anayelipa fedha zote mwanzoni hubaki bila nguvu ya kudai kazi irekebishwe.

Anayejenga akiwa mbali, mjini au ng'ambo, huhitaji mtu wa kumwakilisha kwa hati ya kisheria, na msimamizi mwingine asiyeshika fedha wa kukagua kazi. Kumpa mtu mmoja fedha, ununuzi na ukaguzi kwa pamoja kumevunja undugu mwingi.

Majira na kuandaa eneo

Pwani na kaskazini kuna mvua za vuli (Oktoba hadi Desemba) na masika (Machi hadi Mei). Kanda ya kati na kusini ina msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Msingi huchimbwa wakati wa kiangazi, na ratiba hupangwa ili paa lifike kabla ya mvua. Ukame nao una gharama, kwa kuwa zege na matofali huhitaji kumwagiliwa maji kwa siku 7 au zaidi.

Eneo husafishwa, visiki na mizizi hung'olewa na vichuguu vya mchwa huchimbuliwa. Stoo, maji na choo cha mafundi huwekwa kabla ya kazi kuanza. Matofali yakifyatuliwa kiwanjani, mwenye nyumba na fundi hukubaliana idadi kwa kila mfuko wa saruji: kadiri idadi inavyozidi, ndivyo tofali linavyokuwa dhaifu.

Zanzibar

Ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake, ikiwemo ya mwaka 1992 kuhusu matumizi ya ardhi. Sheha wa shehia hushiriki katika kuthibitisha umiliki na mipaka. Mashamba ya eka tatu yaliyogawiwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 yalitolewa kwa ajili ya kilimo, hivyo anayeuziwa kiwanja ndani yake anapaswa kuuliza kwanza kama kinaruhusiwa kujengwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na ujenzi au ukarabati ndani yake huhitaji idhini ya mamlaka ya hifadhi ya mji huo.

Tazama pia

- Ardhi
- Hatimiliki
- Mipango miji
- Nyumba
- Saruji
- Usanifu majengo